Bega la Kadzo na Kadi Iliyokataliwa

Siku mliyoniaga mlinipa kiti cha kubembea. Nilikikalia mbele yenu, nikacheka, mkapiga picha. Sasa niseme, kwa kuwa hapa hamwezi kunikatiza: mtu aliyemaliza umri wake akiwainua watu vitini, mwisho wa safari mnampa kiti? Nimempa jirani yangu. Yeye anapenda kukaa, na magoti yake yanaonyesha.

Sikuacha kazi kwa kuchoka. Vidole gumba ndivyo vilivyoacha, mimi nimevifuata tu. Kila fizio anayenyoosha viungo vya watu kwa mikono yake vizuri ataishia hapo, kwa hiyo mkiona vyenu bado havijaanza kuuma, jiulizeni kama mnafanya kazi au mnawapapasa watu.

Mmeniomba niandike ya kazini. Habari za vyeo sitaandika, hazijawahi kumnyoosha mtu goti. Nitaandika jinsi nilivyoanza, aliyenifunza, na kisha habari ya bega moja. Nyinyi wapya mnalisikia likitajwa pale kliniki kwa kunong'ona, kama kwamba ni aibu. Si aibu hata kidogo.

Nilianza katika hospitali ya serikali, nikiwa nimetoka chuoni juzi, na koti jeupe ambalo mama alilipiga pasi mpaka likasimama lenyewe. Mkuu wa chumba cha mazoezi alikuwa Bwana Mwakio, Mtaita mrefu, mkavu, mwenye sauti ya mtu anayeita kutoka mlima wa pili. Hakuuliza nimesoma nini. Alinipeleka kwa mzee mmoja aliyekuwa mchukuzi wa soko la Marikiti, kiharusi kimemlaza upande mzima, akaniambia, "Mwinue."

Nikamshika kwapani.

"Wacha!" Bwana Mwakio alipiga kelele hata mzee mwenyewe akafumbua jicho. "Huyo si ndoo ya maji. Bega lake halina kinachoshikilia, misuli imelala. Ukimvuta hapo utalichomoa, na mkono huo hautamsamehe. Shika hapa, kiunoni. Magoti yako yabane yake. Sasa si wewe unayemwinua. Anainuka mwenyewe, wewe wamsindikiza."

Mzee akainuka. Alisimama muda wa mtu kusema bismillahi, akarudi kuketi, akalia. Bwana Mwakio hakumpa pole. Alimwambia, "Kesho tena," kama mtu anayepanga safari ya sokoni.

Ndivyo alivyokuwa. Huruma aliiona kama sukari katika dawa, yafaa kidogo, na ikizidi dawa haifanyi kazi. Chumba kilikuwa na mashine moja ya umeme ambayo ilifanya kazi ikijisikia, na vifaa vingine vyote alivitengeneza yeye. Vizito vilikuwa mifuko ya turubai aliyoishona mwenyewe na kuijaza mchanga. Mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa vipande virefu ulikuwa wa kuvutia misuli. Kapi aliifunga juu ya mlango kwa kamba, ili mkono mzima uuvute ule mgonjwa kwenda juu. Nimeona tangu hapo vyumba vyenye vyombo vya kung'aa kama duka la sonara, lakini kapi ya mlangoni bado haijapata mshindani.

Siku moja faili ilishuka kutoka wodini imeandikwa kwamba mgonjwa fulani hahitaji mazoezi, arudi nyumbani. Bwana Mwakio aliisoma, akavua miwani, akapanda ngazi. Nilisikia sauti yake kutoka juu. Aliporudi alikuwa akimsukuma mgonjwa kwenye kiti cha magurudumu.

"Rukia," akaniambia, akihema, "kazi hii nusu ni misuli na nusu ni kubishana. Chuoni walikufunza nusu ya kwanza."

Aliporudi kwao Taita nilibaki miaka kadhaa, kisha mama akaanza kuugua na nikataka kazi ya karibu na nyumbani. Ndipo nikaingia kliniki ya Bwana Murtaza hapa Mji wa Kale. Bwana Murtaza, kwa nyinyi wapya ambao hamumwoni sana, ni mwenye duka la dawa. Babu zake walitoka Gujarati, yeye akazaliwa mtaa huu huu, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha wengi wanaojidai nacho. Vyumba viwili vya nyuma ya duka alivifanya kliniki ya mazoezi. Nyumba yenyewe mnaijua, kuta nene, baridi tamu, na mlangoni vidato viwili vya mawe virefu. Aliyeijenga hakufikiria kwamba siku moja watakuja watu wenye magoti mabovu. Jambo la kwanza nililolidai kabla hata ya kuvua buibui ni ubao wa kupandia na chuma cha kushika. Bwana Murtaza alisema atalifikiria. Nilikaa nje kizingitini, nikawa nawapokelea wagonjwa hapo, watu wakipita na kuuliza kuna nini, mpaka fundi akaja.

Wanawake wengi wa mtaa walikuwa hawajawahi kuguswa na fizio, kwa sababu mafizio waliowasikia walikuwa wanaume. Walikuwa wakienda kwa wakandaji wenye mafuta yao, na mimi sikugombana na wakandaji. Bibi yangu mwenyewe alikuwa mmoja. Niliwaomba jambo moja tu: palipovunjika mfupa pasikandwe, niletewe mimi kwanza. Waliniletea. Wengine waliniletea na mume, akae nje, ahakikishe hakuna mwanamume ndani.

Kisha zikaja kadi.

Zamani mtu aliingia akasema panapouma. Siku za bima mtu anaingia amenyoosha kadi mbele kama askari amenyoosha kitambulisho, na swali la kwanza anaulizwa na kaunta, si na mimi. Sizichukii bima. Nimeona watu waliotibiwa vizuri kwa sababu ya kadi, ambao bila hiyo wangekaa nyumbani na maumivu yao. Ninachokichukia ni mtu kuzungushwa mjini na kipande cha plastiki kilichoahidi kumpunguzia mzunguko.

Kadzo aliingia asubuhi moja ya jua kali. Nilikuwa ndani namfunga mgonjwa mwingine goti, nikasikia sauti ya Saumu, karani wetu wa mapokezi.

"Hii hatupokei, bibi."

Halafu kimya. Kimya kile kilinitoa ndani. Mtu akikasirika husema. Huyu alikuwa amezoea.

Nilimkuta amesimama, mwanamke mnene wa makamo, Mgiriama, msalaba mdogo shingoni. Leso ilikuwa imefungwa vibaya, fundo moja limelala upande, nikajua ameifunga kwa mkono mmoja na meno.

"Sabalkheri, dada," nikamwambia. "Mkono una nini?"

"Mkono hauna neno, daktari. Neno liko kwa kadi."

Nikamketisha. Saumu akanitazama kwa jicho la kusema kuna foleni. Ilikuwako kweli, na ikasubiri.

Kadzo alikuwa mpishi wa shule moja huko Tononoka. Aliteleza jikoni kwenye maji ya maharagwe, akaangukia mkono, mfupa ukavunjika karibu na bega. Ulifungwa, ukaunga vizuri. Daktari wa mifupa akamwambia sasa atafute fizio aliye karibu naye, bima ya kazini italipa. Maneno mepesi hayo. Aliyeyasema hakusema wapi.

"Nilipewa majina na watu wa bima," Kadzo akasema. "Pa kwanza nimekwenda, nimekuta wasusi. Wakaniambia fizio alihama zamani. Pa pili wakasema kampuni hii tulishaachana nayo. Pa tatu wanaipokea, lakini wanataka barua ya daktari, na daktari yuko likizo. Pa nne ni ng'ambo ya kivuko, na simu haishikwi. Sasa nauliza kila mlango wenye picha ya mtu anayejinyoosha."

"Tangu lini?"

"Tangu mfupa uunge."

Nikamwomba auinue mkono. Ulipanda mpaka chini ya kifua ukagota, na bega lote likapanda nao hadi sikioni, kama mtu anayesema "sijui". Wenzangu mnajua hilo ni nini. Bega haliwezi kungoja barua. Kila wiki linapoachwa bila kusogezwa, ngozi ya ndani ya kiungo inajikunja na kushikana, na mwisho unakuwa na bega lililoganda, ambalo halina mvunjiko wowote na bado halifanyi kazi.

"Na shule?" nikauliza.

Hapo ndipo alipotazama chini. Mwalimu mkuu alikuwa amempa mpaka muhula ufunguliwe. Asipoweza kuinua sufuria, ataletwa mpishi mwingine. Na bima ilikuwa ya kazi. Kazi ikiondoka, kadi inaondoka nayo.

Nikamgeukia Saumu. "Wapigie."

"Bi Rukia, sisi hatumo kwao."

"Najua hatumo. Wapigie."

Muziki ulilia mpaka tukaujua. Hatimaye akashika kijana mmoja, mwenye adabu, akasema mteja aende kwenye kituo kilichoidhinishwa. Nikamuuliza kipi. Akasoma jina la kwanza.

"Hapo ni saluni," nikamwambia. "Anataka bega, hataki kusuka."

Akasoma la pili. Nikamweleza. La tatu, nikamweleza. Kufika la nne hata yeye sauti yake ilikuwa imepungua. Nikamwambia, "Basi mwanangu, nisaidie jambo moja jepesi. Niandikie kwamba katika kisiwa kizima cha Mombasa kampuni yenu haina fizio hata mmoja anayeweza kumwona mteja wenu wiki hii. Weka jina lako chini. Nitamkabidhi mwajiri wake, ndiye anayewalipa."

Akaomba tusubiri. Watu husema chochote kwa simu, lakini mwambie mmoja aandike uone atakavyokumbuka ana mkubwa wake. Baada ya adhuhuri wakapiga wenyewe: Kadzo aruhusiwe kutibiwa kwetu, kwa muda, kwa safari chache, kama jambo la pekee.

Saumu alikata simu akanitazama. "Kumbe yawezekana?"

"Yawezekana ukikataa kuwa wa tano kumfukuza."

Tangu siku hiyo neno "hatupokei" lilipigwa marufuku kusimama peke yake pale mlangoni. Ukilisema, lifuatwe na jambo la kumfaa mtu. Saumu akawa hodari kunishinda. Alimuuliza mgonjwa kabla hajapanda kidato: kadi hii ni ya mwaka huu? Kazini hawajabadilisha kampuni? Bima inataka barua ya daktari kwanza? Imekubali safari ngapi kabla ya kuomba tena, na wewe mwenyewe utachangia nini? Na nani huko amekujibu, jina lake ni lipi? Hilo la jina aliwasisitizia kabisa. Jibu lisilo na jina ni upepo. Na kama mtu alikuwa anakwenda kwingine, alimfunza kuuliza pia yale ambayo kadi haiyajui: fizio ana leseni? Ni huyo huyo atakayeniona kila mara au watanipokezana? Ni mwanamke au mwanamume? Kuna ngazi? Nawaambia nyinyi mliobaki, msiwaachie wagonjwa wagundue ngazi wenyewe.

Kadzo tulianza siku ile ile. Sitawadanganya, bega kama lile linauma. Nilimlaza, nikaushika mkono wake, nikausogeza mpaka mwisho wake na kidogo baada ya mwisho, naye akanitukana kwa Kigiriama, kwa upole. Nikamfunza kupanda ukuta kwa vidole, kama buibui, kila siku apite alama ya jana. Nikamfungia kapi mlangoni. Nyumbani kwake akaitengeneza nyingine kwa pete ya pazia na kamba ya kuanikia nguo.

"Daktari," aliniambia siku moja, jasho likimtoka, "wewe ni mbaya kuliko ile sakafu."

"Sakafu ilikuacha hapo hapo. Mimi nakurudisha juu. Endelea."

Mkono ukapita kifua. Ukafika kwapa la ukuta, kama alivyoita ile alama ya usawa wa bega. Na hapo hapo, wakati bega limeanza kukubali, ruhusa ikaisha. Tukaomba nyingine. Jibu likaja kwamba mkono wa mteja umefika usawa wa bega, na kwa shughuli za kawaida za maisha hiyo inatosha.

Nilisoma mara mbili. Shughuli za kawaida za nani? Mtu anayeandika jibu kama hilo amekaa kwenye meza, na meza haihitaji bega. Rafu ya jiko la shule iko juu ya kichwa, na kinachopanda huko si karatasi.

Nilipiga simu, nikapewa muziki. Siku ya pili, muziki. Siku ya tatu nikamwambia Kadzo, "Kesho njoo na sufuria."

"Ipi?"

"Unayoiinua kazini."

"Ile kubwa haiingii kwenye tuk-tuk, daktari."

"Basi lete ya wali wa walimu."

Tukaenda, sisi wawili na sufuria katikati yetu. Ofisi ya bima ilikuwa mjini, jengo la vioo lenye baridi ya kukausha mate. Askari wa mlangoni akatuzuia.

"Mama, chakula hakiruhusiwi ndani."

"Haina chakula," nikamjibu.

"Sasa ni ya nini?"

"Ya kuonyesha."

Alifunua kifuniko, akatazama ndani, hakuona cha kukataza. Tukapita.

Afisa aliyetupokea alikuwa kijana wa shati la buluu, na nilipoisikia sauti yake nikamtambua, ndiye yule wa simu. Alikuwa na adabu ile ile. Alianza kutueleza habari ya kiwango. Nyuma yake palikuwa na kabati la mafaili, refu, juu yake patupu. Nilimwambia Kadzo, "Iweke pale juu."

Kadzo alivua viatu, sijui kwa nini. Akaishika sufuria kwa mikono miwili, akaiinua. Ilipanda hadi kifuani. Hadi mabegani. Hapo mkono uliovunjika ukagota, na bega likapanda sikioni. Yule kijana akainuka haraka kuja kumsaidia.

"Usinishike!" Kadzo akasema. "Kule jikoni huji kunishika."

Akasukuma tena. Sufuria ikaponyoka.

Mmesikia sufuria ya shule ikianguka kwenye vigae? Ofisi nzima ilisimama. Kifuniko kiliendelea kuzunguka sakafuni, kikilia, na hakuna aliyekwenda kukizuia. Jambo hilo la kuanguka sikulipanga, niwe mkweli, na Kadzo pia hakulipanga. Alikuwa ameshika bega lake na uso umekunjamana kwa maumivu. Lakini hakulia. Akamtazama kijana, na watu wote nyuma yake.

"Mimi nisipoweza kuinua hii, natolewa kazi," akasema. "Nikitolewa kazi, natolewa hii kadi. Hapo mtakuwa mmepona nyinyi."

Mlango wa ndani ukafunguka, akatoka mkubwa wao, mama mmoja wa suti, akauliza kelele ni za nini. Akaelezwa. Alimtazama Kadzo, akaitazama sufuria, akanitazama mimi kwa muda mrefu kuliko vyote viwili. Mwisho akamwambia kijana amwandikie mteja matibabu mpaka muhula ufunguliwe. Kisha akanigeukia.

"Na wewe bibi, kwenu ndiko kuna maombi ya kuingia kwetu?"

Sikujua. Bwana Murtaza hakuwa ameniambia.

"Sisi hatufanyi kazi na watu wa fujo," akasema. "Maombi hayo yahesabu yamekataliwa."

"Yamekataliwa na nani?" nikamuuliza. "Nataka jina."

Alinitajia jina lake. Nilimshukuru, na nilimshukuru kwa dhati, maana alikuwa wa kwanza katika kampuni ile kutoa jina bila kuombwa mara mbili.

Nilirudi kliniki nikamkuta Bwana Murtaza amekwishapigiwa. Alikuwa amesimama kaunta ya dawa, mikono imeegemea kioo.

"Bi Rukia, miezi mingi nawabembeleza wale watu. Miezi. Umekwenda na sufuria?"

"Nimekwenda na sufuria."

"Andika barua ya radhi, mambo yaishe."

"Radhi ya kosa gani?"

"Ya sufuria!"

"Sufuria ni ya Kadzo, bwana. Mimi nilikuwa naisindikiza."

Hakucheka. Alinieleza, kwa utulivu ulionitia uchungu kuliko kelele, kwamba shule nyingi na ofisi nyingi za mji zimo katika kampuni ile, na kwamba kliniki ndogo haiwezi kuchagua adui. Alikuwa mtu mwema na alisema kweli. Mimi nikamwambia kweli yangu.

"Mlango ni wako. Ukitaka nitoke, nitatoka kwa miguu yangu na bila kinyongo. Lakini radhi siandiki. Nikiandika nimesema yule mwanamke alikuwa na makosa kutaka bega lake."

Wiki ile tulisalimiana tu. Nilianza kukunja vitu vyangu, mifuko ya mchanga, kipimo changu cha pembe za viungo, nikawaza nitamwambiaje mama. Nyumbani mama alikuwa kitandani, akihitaji dawa na mtu wa kumgeuza, na mimi nakwenda kucheza na kazi. Usidhani ubishi hauna hofu. Unayo, ila unakwenda nayo.

Siku ya Alhamisi Bwana Murtaza akaingia chumbani kwangu, akaiona mifuko imepangwa karibu na mlango. Akaisukuma kwa mguu, mmoja mmoja, mpaka ikarudi ukutani.

"Hutaki kuandika, usiandike," akasema. "Ila siku ukienda tena, niambie mapema, nimeze dawa yangu ya presha kabla."

Kadzo tulimaliza naye kabla ya shule kufunguliwa. Mkono ulipanda ukapita kichwa, lakini ule upeo wa mwisho, ule wa kunyooka kabisa kama wa mtoto anayejua jibu darasani, haukurudi. Nilimweleza wazi kwamba haukurudi na pengine hautarudi. Hakusikitika. Alikwenda akamwita seremala, akashusha rafu ya jikoni kadiri ya upana wa kiganja.

"Mkono umepanda, rafu imeshuka, wamekutana," akaniambia.

Mwalimu mkuu alipouliza nani katoa ruhusa ya kubomoa rafu ya shule, alijibiwa ni daktari. Nikaulizwa kwa simu. Nikasema ndiyo, ni mimi, na kama ana swali anitumie kwa maandishi. Hakutuma. Kadzo alipika pale mpaka alipostaafu kwa hiari yake, na wali wa walimu nilipata kuuonja. Ulikuwa na nazi ya kutosha.

Kampuni ile tulikaa nje yake miaka mingi. Tuliyumba, ndiyo. Kuna wagonjwa niliowapeleka kwa wenzangu kwa mkono wangu mwenyewe, baada ya Saumu kuthibitisha kwamba mlango huo upo na simu inashikwa. Hatukufunga.

Halafu mwaka huu, kabla sijaondoka, akaja mtu wao. Kumbe wanawake wenye kadi zao hapa kisiwani walikuwa wanalalamika kwa waajiri kwamba hawana fizio wa kike, na jina letu ndilo walilokuwa wanalitaja. Aliketi, akanywa kahawa, akatoa mkataba. Bwana Murtaza sasa mzee, akaniambia nisome mimi, macho yake hayafai. Macho yake yanafaa sana. Alitaka nisome mimi.

Nilisoma mstari kwa mstari. Mwingi ulikuwa wa kawaida. Kisha nikafika kwenye kipengele kilichosema kwamba mtaalamu wa kituo hatapinga uamuzi wa kampuni kuhusu matibabu, wala hataandamana na mteja kwenye ofisi zake.

"Hiki kimewekwa kwa ajili yangu?" nikamuuliza.

Kijana wa watu akaona haya. "Ni kipengele cha kawaida, bibi. Kiko kwa wote."

"Basi nimewaumiza wengi."

Nikachukua kalamu, nikakipiga mstari, kutoka ukingo mpaka ukingo, mbele yake. Nikaandika jina langu pembeni, na Bwana Murtaza akatia sahihi chini bila kuuliza nimekata nini. Nikamrudishia.

"Ndivyo tulivyo. Ikiwafaa, karibuni. Isipowafaa, vidato viwili, shika chuma usianguke."

Akaenda nao. Hawakujibu kwa muda, na sisi hatukuwauliza. Kisha asubuhi moja Saumu akaniita kaunta, amesimama mama mmoja na kadi yao mpya, na kwenye simu wamesema sasa tumo kwao, aingie.

Mimi nimeondoka, na mikataba huandikwa upya. Kipengele kile watakirudisha, kwa maneno mengine, kwa herufi ndogo zaidi. Kalamu mnazo.